Kuokoa Magazeti ya Zamani ya Unguja na Pemba kwa Ajili ya Watafuta Koo: Mwongozo kwa Vikundi vya Kujitolea

Mtu anayetafuta ukoo wake Unguja au Pemba huanza kwa wazee, na ndivyo inavyopasa. Wazee humpa majina, mitaa, na habari za nani alimwoa nani na wakaachana kwa sababu gani. Tarehe, hata hivyo, huzitaja kwa matukio: mwaka wa Vita vya Ng'ombe, siku za mgomo wa makuli, zama za siasa, yaani miaka ya mabishano ya vyama kabla ya Mapinduzi. Ofisi za serikali, kwa upande wao, humsaidia zaidi anayejua tayari jina kamili na mwaka. Baina ya pande hizi mbili ndipo gazeti la zamani linapofaa, kwa sababu lina jina, lina tarehe juu ya ukurasa, na mara nyingi lina mtaa. Kwa bahati mbaya magazeti mengi yaliyobaki majumbani yamo ndani ya masanduku, juu ya dari na chini ya vitanda, na mengine yalishakwisha zamani kwa kufungiwa njugu.

Mwongozo huu ni kwa kikundi kidogo cha watu wa kujitolea, wakiwa walimu wa skuli, wanafunzi au wastaafu, wasiokuwa na mashine za gharama. Msimamo wake ni mmoja: gazeti lililopigwa picha bila ya majina yake kuorodheshwa halijamfaa bado mtafuta ukoo. Kwa hivyo kazi ya kuandika majina imepewa hapa nafasi kubwa kuliko kazi ya kamera, ingawa kamera ndiyo inayowavutia vijana.

Hatua ya kwanza: yajueni magazeti yenyewe

Gazeti la serikali, lililoanza mwaka 1892 kwa jina la The Gazette for Zanzibar and East Africa, ndilo lenye majina mengi yaliyopangwa kiofisi: uajiri na likizo za watumishi, leseni, matangazo ya mahkama, na wito kwa wadai na warithi wa marehemu. Kabla yake, mwaka 1888, lilianza Msimulizi katika skuli ya UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, pale Kiungani, skuli ambayo wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Samachar lilitoka kwa Kigujerati na Kiingereza, na haliachwi na yeyote anayetafuta koo za Kihindi. Al-Falaq, la Jumuiya ya Waarabu, lilianza mwaka 1929. Mwongozi lilianza mwaka 1942, na Afrika Kwetu likafuata mwishoni mwa muongo huo. Baada ya Mapinduzi lilikuwepo Kweupe, na katika miaka ya 1990 likaja Nuru, kabla ya Zanzibar Leo la sasa. Msiyasahau majarida: Mazungumzo ya Walimu, lililoanza mwaka 1927, ni mahali pazuri pa kumtafutia babu aliyekuwa mwalimu wa shamba.

Kabla ya kuanza kazi, nendeni Nyaraka za Taifa, Kilimani, mkaulize matoleo gani yamehifadhiwa huko na kwa hali gani. Hakuna faida ya kutumia miezi mkipiga picha toleo ambalo tayari limo katika hifadhi likiwa zima, ilhali toleo lisilopatikana popote linaliwa na mchwa nyumba ya pili. Andikeni orodha ya matoleo yanayokosekana, na orodha hiyo iwe ndiyo dira yenu mtakapopita mitaani.

Jambo jingine la kukubaliana mapema ni kwamba ukurasa wa mbele si muhimu kama unavyoonekana. Hotuba na mabishano ya vyama vya miaka ya 1957 hadi 1963 yameandikwa pia vitabuni. Kisichopatikana kwengine ni tanzia ya mistari mitatu, shukrani za familia baada ya khitma, matokeo ya mitihani ya skuli, majina ya wachezaji wa timu ya mpira, orodha ya waliochangia ujenzi wa msikiti, tangazo la kupotea kwa hati, na mnada wa nyumba au shamba la mikarafuu, hasa pale mipaka inapotajwa kwa majina ya majirani. Tangazo la aina hii la mwisho laweza kumpa mtafutaji majina ya watu wanne waliopakana na babu yake, na mara nyingi majirani hao walikuwa jamaa.

Hatua ya pili: ruhusa na adabu

Magazeti ya nyumbani ni mali ya watu, na mara nyingi ni kumbukumbu ya marehemu aliyekuwa akiyasoma. Mjulisheni sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kwanza, ili isije ikadhaniwa kuwa kuna watu wanapita wakikusanya nyaraka za nyumba na mashamba. Kisha mwende wawili, na mmoja wao awe anajulikana mtaani au ana udugu na nyumba hiyo. Semeni wazi tangu mwanzo: "Bibi, hatukuja kuyachukua. Tunaomba kuyapiga picha hapa hapa barazani, nawe utupe ruhusa kwa maandishi, na nakala tutakuletea." Mwenye nyumba akipenda kuyatoa, mwandikieni risiti inayotaja jina la gazeti, tarehe za matoleo na hali ya karatasi, nanyi mbaki na nakala yake. Risiti hiyo huzuia ugomvi baina ya warithi, ambao ni ugomvi wa kawaida kabisa.

Mnapokuwa hapo, ulizeni pia nani aliyeyakusanya na kwa nini. Mtu aliyekata na kutunza ukurasa mmoja tu wa mwaka 1952 alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo mara nyingi ni jina la jamaa yake lililomo ndani.

Hatua ya tatu: kuishika karatasi

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, yaani kitu kinachozishikanisha nyuzi za mti, na ndani yake hujengeka tindikali inayoila polepole. Mwanga huifanya ya manjano, joto huifanya ikatike, na unyevu wa hewa yetu huikaribisha kuvu. Kuvu huanza kuota vizuri unyevu unapopita asilimia 65, na visiwani kwetu kiwango hicho hupitwa kwa sehemu kubwa ya mwaka, hasa wakati wa masika. Kwa sababu hiyo kazi ya kufungua marundo ifanywe zaidi wakati wa kipupwe, baina ya Juni na Septemba, na katika mvua za Machi hadi Mei mshughulike na kuorodhesha majina kutoka kwenye picha.

Mikono mitupu iliyooshwa na kukaushwa vizuri ni bora kuliko glavu za kitambaa, kwa kuwa glavu huzuia mtu kuhisi ukingo wa karatasi na hivyo huuchana. Meza iwe kubwa kuliko gazeti lililofunguliwa. Kalamu za wino, chai na maji ya kunywa vikae mbali. Penseli tu ndiyo inayoruhusiwa mezani. Ukurasa usinyanyuliwe kwa pembe, bali upitishiwe kadibodi safi chini yake na kugeuzwa nayo. Vumbi liondolewe kwa brashi ya nywele laini, kutoka katikati kwenda nje. Pini zilizoota kutu zitolewe polepole kwa upande wa nyuma, na zile ambazo zimeng'ang'ania ziachwe kwanza.

Msitumie selotepu. Gundi yake huwa rangi ya kahawia na kupenya karatasi, na baada ya miaka kadhaa mstari uliokuwa umechanika tu huwa hausomeki kabisa. Vipande vilivyochanika vipangwe mahali pake juu ya kadibodi, vipigwe picha, kisha vitiwe pamoja ndani ya bahasha iliyoandikwa kwa penseli. Vilevile msipige pasi, wala msipeleke karatasi ikafunikwe kwa plastiki ya moto kama vyeti vya skuli, maana kazi hiyo haiondoleki tena.

Karatasi iliyorowa ni jambo la haraka, kwa kuwa kuvu huweza kuonekana ndani ya saa 48. Tandazeni kurasa kivulini penye upepo au mbele ya feni, juu ya kitambaa cheupe cha pamba, wala msizianike juani. Rundo lililogandana likiwa bichi lisibanduliwe kwa nguvu. Litiwe katika mfuko na kuwekwa ndani ya friza hadi mtakapopata nafasi ya kulishughulikia kidogo kidogo. Friza ndiyo dawa pia ya wadudu: karatasi kavu ifungwe vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, ikae wiki mbili katika baridi ya kiasi cha nyuzi 20 chini ya sifuri, kisha iachwe siku nzima ipate joto la chumba kabla ya mfuko kufunguliwa. Dawa za kupuliza msizitumie. Karafuu na majani ya mwarobaini, ambayo nyumba nyingi huyatia masandukuni, yaondolewe, kwa sababu mafuta ya karafuu huacha madoa pale yanapogusa karatasi.

Rundo lenye kuvu lifunguliwe nje ya nyumba, kwa barakoa na glavu za mpira, na mwenye pumu asishiriki kazi hiyo hata akisisitiza.

Hatua ya nne: kupiga picha

Hapa sitarefusha. Simu nzuri iliyofungwa kwenye stendi ikitazama chini inatosha, mradi iwe sambamba na meza. Wekeni taa mbili zinazofanana, moja kila upande, zikimulika kwa pembe ya nyuzi 45, na mwanga wa flashi uzimwe. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000 hivi. Ukurasa wa ukubwa wa A3 ukipigwa kwa mara moja hupata nukta 240 kwa inchi, na ukurasa mkubwa wa A2 hupata 170 tu, kiasi kisichotosha kwa herufi ndogo za matangazo. Lengo ni nukta 300 kwa inchi au zaidi, kwa hivyo A3 ipigwe kwa nusu mbili na A2 kwa robo nne, na vipande vipishane kidogo ili mstari usikatwe katikati. Picha ya kwanza ya kila toleo ioneshe ukurasa mzima pamoja na rula.

Kurasa zote zipigwe, hata tupu na zilizoliwa, kwa mpangilio wa toleo. Jina la faili lianze na gazeti, lifuate mwaka, mwezi, siku na ukurasa, kwa mfano mwongozi-1957-07-19-uk03-a, ili mashine iyapange yenyewe kwa tarehe. Anayegeuza kurasa asiwe ndiye anayepiga. Watu wawili katika meza moja hupunguza sana kurasa zinazorukwa.

Hatua ya tano: kuandika majina

Fungueni jedwali la kompyuta, au daftari lenye mistari kama kompyuta haipo, na kila mtu anayetajwa apewe mstari wake. Safu za lazima ni hizi: jina kama lilivyochapwa, jina kwa tahajia mliyokubaliana, baba na babu, kama wametajwa, nisba (jina linaloonesha asili ya mtu) au kabila, mahali, aina ya habari, tarehe ya gazeti, tarehe ya tukio, ukurasa na safu, jina la faili ya picha, na herufi za mwanzo za jina la aliyeandika.

Safu mbili za jina ndizo zinazoibeba faharasa nzima, yaani orodha hii ya kutafutia majina. Makarani wa Kiingereza waliandika jina moja kwa namna nyingi: Khamis, Hamis na Hamisi, Fatma na Fatuma, Said na Saidi. Miji nayo ilibadilikabadilika, na katika maandishi ya zamani mtakutana na Chaki Chaki na Weti. Safu ya kwanza iliache kosa la mchapaji kama lilivyo, kwa sababu mtafutaji atahitaji kuhakikisha. Safu ya pili ndiyo itakayotafutwa. Tahajia mliyoichagua iandikwe kwenye waraka mmoja unaokaa mezani, na asiwepo wa kuibadilisha peke yake, hata akiwa na hoja nzuri.

Msiunganishe watu kwa sababu majina yanafanana. Ali bin Juma wa Wete na Ali bin Juma wa Mkoani wanaweza kuwa mtu mmoja aliyehama, na wanaweza kuwa watu wawili wasiojuana. Kazi yenu ni kuwaandika mara mbili, na uamuzi ni wa mwenye ukoo. Mahali pia pana hadhari hiyo hiyo: Chwaka ipo Unguja na ipo Pemba, na gazeti la mjini mara nyingi halikuona haja ya kusema ni ipi. Pale msipokuwa na hakika, andikeni "Chwaka" tu na alama ya kuuliza.

Lakabu ni mtego mkubwa kuliko tahajia. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Fumba na kufariki mwaka 1950, alipewa na wazazi wake jina la Mtumwa. Mjukuu anayemtafuta kwa jina la kuzaliwa hatampata gazetini, na anayeijua lakabu tu hatampata katika hati za awali. Kwa hivyo wekeni safu ya ziada ya lakabu, na mnapokuwa na mzee karibu msomeeni majina kwa sauti. Atakwambieni kuwa huyu "Bi Mkubwa" wa tangazo ni nani, na atajua pia kwamba "Mmakunduchi" aliyetajwa kwa nisba peke yake alikuwa na duka wapi. Maelezo ya mzee yaandikwe katika safu yake mwenyewe, kamwe yasichanganywe na maneno ya gazeti.

Wanawake wametajwa kwa uchache, na mara nyingi kama mke wa fulani au mama wa fulani. Apewe mstari wake hata kama jina lake halipo: andikeni "jina halikutajwa, mke wa Khamis bin Ali, Kikwajuni." Ukimwacha kwa kuwa hana jina, umemfuta mara ya pili, na mtafutaji anayejua jina la bibi yake na la babu yake atakosa kiungo alichokuwa akikitafuta.

Programu za kusoma maandishi kutoka kwenye picha husaidia kwa Kiswahili na Kiingereza kilichochapwa vizuri. Kwa kurasa zilizofifia, na hasa kwa Kiarabu na Kigujerati vya zamani, msizitegemee. Tafuteni mtu anayezisoma lugha hizo. Wazee wa madrasa na wa jumuiya za Kihindi mjini mara nyingi hufurahi kuombwa. Kila mistari kumi, mtu wa pili alinganishe mmoja na picha yake. Makosa yakizidi, fungu zima lirudiwe.

Hatua ya sita: tarehe

Tarehe ya gazeti na tarehe ya tukio si kitu kimoja. Gazeti la wiki likisema "Jumatano iliyopita", hesabuni kutoka siku ya toleo, na siku mliyoipata iandikwe pamoja na maneno yenyewe. Kumbukeni pia kuwa katika hesabu yetu siku huanza magharibi: marehemu aliyefariki "usiku wa Ijumaa" kwa tangazo la Kiswahili alifariki usiku ambao gazeti la Kiingereza litauita wa Alhamisi. Watafuta koo wengi wamedhani hapo kuna watu wawili, au kwamba gazeti moja lilikosea.

Tarehe za Hijria ziandikwe kama zilivyo, kisha zigeuzwe. Majedwali ya kugeuza yaweza kupishana kwa siku moja au mbili na mwezi ulioandamia visiwani, kwa hivyo msitoe siku moja kwa uhakika usiokuwepo. Mwezi wa Hijria hutangulia kwa siku 11 hivi kila mwaka wa miladi. Kwa mfano, Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari 1964, na Ramadhani ya mwaka 1383 iliingia siku chache tu baadaye. Bibi akisema mtoto wake wa kwanza alizaliwa "Ramadhani ya mwanzo baada ya Mapinduzi", basi matoleo ya kutafutwa ni ya kuanzia katikati ya Januari hadi katikati ya Februari ya mwaka huo huo, wala si ya mwaka 1965.

Bandikeni ukutani orodha fupi ya matukio ambayo wazee huyatumia kuhesabia: mgomo wa mwaka 1948, Vita vya Ng'ombe vya Julai 1951, uchaguzi wa Julai 1957, kufariki kwa Sultani Khalifa bin Haroub Oktoba 1960, ghasia za Juni 1961, Uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963.

Hatua ya saba: yasiyofaa kutangazwa ovyo

Magazeti ya zama za siasa yana matusi baina ya watu ambao watoto wao leo wameoana. Yana pia kesi za mahkama, talaka, na maneno yanayotaja asili ya mtu utumwani. Karatasi yote ihifadhiwe, kwani kukata au kufuta si kazi yenu. Lakini faharasa inayofunguliwa kwa kila mtu si lazima ioneshe kila mstari. Utaratibu unaofaa ni kuweka alama kwenye habari za aina hiyo na kumpa anayethibitisha kuwa ni wa familia. Taarifa za walio hai zisitangazwe bila ya ridhaa yao. Kwa haki za kuchapisha upya kurasa zenyewe, waulizeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kabla ya kuziweka kwenye intaneti. Faharasa ya majina na tarehe ni jambo tofauti na kunakili gazeti zima.

Hatua ya nane: kuhifadhi

Karatasi zilale bapa, zisikunjwe zaidi ya mkunjo wake wa asili, ndani ya masanduku ya kadibodi isiyo na tindikali kama yanapatikana. Yasipopatikana, kadibodi ya kawaida safi hutumika, na kila baada ya miaka michache hubadilishwa. Mifuko ya plastiki inayonuka haifai. Masanduku yakae juu ya rafu, angalau kiganja kimoja kutoka sakafuni na mbali na ukuta wa nje, ambao katika nyumba za mawe na chokaa hufyonza unyevu mwaka mzima. Na rafu ya chini itazamwe kila wiki kwa ajili ya mchwa.

Picha ziwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae mbali na nyengine. Sisi tuna bahati ya kuwa na visiwa viwili: kikundi cha Unguja kiweke diski moja kwa wenzake wa Chake Chake au Wete, nao wa Pemba walete yao mjini. Nakala ya faharasa na picha ipelekwe Kilimani, na nyengine kwa familia iliyotoa magazeti, ikiwa imechapwa kwenye karatasi kwa wasiotumia kompyuta. Kila mwaka, kabla ya masika, diski zote zifunguliwe, faili zihesabiwe na kulinganishwa na jedwali, na iliyoharibika inakiliwe upya siku hiyo hiyo kutoka kwenye nakala iliyo nzima.